Jamaa aliyebuni kadi ya Krismasi kwa sababu barua zilimzidi

Kila Desemba ikifika, kuna mzee mahali atakayelalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Eti zamani mtu alienda dukani, akachagua kadi, akaandika jina la rafiki kwa mkono wake, akalamba stempu na kupanga foleni posta. Nyinyi sasa mnachukua picha ya mti wa Krismasi uliotumiwa na mtu mwingine, mnaisukuma kwa watu mia mbili kwenye WhatsApp kwa mpigo mmoja, basi. Hamna moyo.

Hebu tumsikilize mzee, lakini kabla ya kukubali tumtazame mtu aliyeanzisha hayo mambo ya kadi. Jina lake Henry Cole, Mwingereza. Ukiyachunguza maisha yake utaona kwamba kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ilibuniwa na mtu aliyekuwa na kazi nyingi kupita kiasi, ambaye hakuwa na muda wa kuwaandikia watu barua mojamoja. Yaani alitafuta njia ya mkato.

Cole alizaliwa Julai 15, 1808 mjini Bath, kusini magharibi mwa Uingereza. Alisoma London katika shule ya Christ's Hospital, ile ambayo wanafunzi wake huvaa makoti marefu ya buluu, na akaondoka akiwa na miaka 15 tu. Hakuenda chuo kikuu. Mwaka 1823 aliajiriwa kama karani kwenye tume iliyosimamia nyaraka za serikali, kazi ya kunakili maandishi ya kale kutwa nzima. Ukimwona wakati huo ungesema huyu ataishia kuwa karani mwenye wino vidoleni hadi astaafu.

Shida ya Cole ni kwamba hakujua kunyamaza. Nyaraka za taifa zilitupwa ovyo katika majumba mbalimbali jijini, nyingine zikilowa maji, nyingine zikiliwa na panya, huku wakubwa wa tume wakila pesa za umma bila kazi ya maana kuonekana. Kijana huyu wa chini kabisa akaanza kuwalima hadharani. Walimfuta kazi. Bunge lilipoingilia suala hilo mwaka 1836, Cole alikuwa amejiandaa na ushahidi. Miongoni mwa vitu vinavyohusishwa na vita vyake ni panya aliyekauka, tumbo limejaa vipande vya nyaraka alizotafuna. Panya huyo yupo mpaka leo, amehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya nyaraka London kama kielelezo cha mahakamani. Mwaka 1838 sheria ilipitishwa kuunda ofisi mpya ya nyaraka, na Cole akarudi, safari hii akiwa na cheo.

Sasa tuingie posta, maana bila posta hakuna kadi.

Leo ukimtumia mtu ujumbe, gharama ni yako wewe unayetuma. Uingereza ya miaka ya 1830 ilikuwa kinyume: mara nyingi aliyelipa ni yule aliyepokea. Na bei haikuwa mchezo. Walihesabu umbali, kisha wakahesabu karatasi. Karatasi mbili, bei mara mbili. Ukiiweka barua ndani ya bahasha, bahasha nayo ikahesabiwa kuwa karatasi. Barua ya ukurasa mmoja kutoka London hadi Edinburgh ilizidi shilingi moja, wakati ambapo kibarua wa shambani alikuwa akipata kama shilingi tisa au kumi kwa wiki nzima. Fikiria mama kijijini, binti yake ameenda kufanya kazi za nyumbani jijini. Mleta barua anabisha mlango. Mama anajua barua ni ya mwanawe, lakini kuipokea ni kukosa mkate wa siku kadhaa. Anaitazama tu, anairudisha.

Watu wakabuni ujanja. Waliandikiana barua tupu, karatasi nyeupe, lakini kwa nje waliweka alama walizokubaliana mapema: jina limeandikwa hivi, maana yake niko salama, limeandikwa vile, njoo haraka. Aliyepokea aliisoma bahasha kwa macho, akakataa kulipa, na ujumbe ukawa umefika bure. Sisi tuliokua tukiflash watu kwa simu, mlio mmoja nimefika, milio miwili nipigie, tusidhani tulivumbua kitu. Wenzetu walikuwa wanaflash miaka 190 iliyopita.

Na wenye pesa je? Wabunge na wakubwa wa serikali walituma barua bure. Wanyonge ndio waliobeba mzigo.

Mwalimu mmoja wa zamani, Rowland Hill, alitoa kijitabu mwaka 1837 akipendekeza kwamba barua yoyote nyepesi iende popote nchini kwa peni moja tu, na anayetuma alipe kabla. Posta ilimcheka. Wafanyabiashara wa London walimuunga mkono, wakaunda kamati, na wakamtafuta mtu wa kuendesha kampeni. Walimpata Cole. Alihariri gazeti lao, akasukuma maombi ya wananchi kwa Bunge, na akachora picha ya gari la farasi la posta ya kwenda Edinburgh: juu ya paa magunia makubwa ya magazeti na barua za bure za wakubwa, na pembeni kifurushi kidogo cha barua zilizolipiwa, ndizo zilizobeba gharama ya msafara wote. Aliyeiona picha hiyo hakuhitaji hotuba. Kwa lugha ya leo, Cole alitengeneza meme, na ikasambaa.

Januari 10, 1840 bei ya peni moja ikaanza. Mei mwaka huohuo stempu ya kwanza duniani inayobandikwa kwa gundi, nyeusi, yenye uso wa Malkia Victoria, ikaanza kutumika. Pamoja nayo posta ilitoa bahasha rasmi yenye mchoro mzito wa msanii William Mulready, na umma ukaicheka vibaya mno hadi ikaondolewa. Stempu ikashinda. Kumbuka bahasha hiyo, maana inaonyesha kwamba kuweka sanaa kwenye barua hakukuwa jambo ambalo kila mtu alilipokea kwa makofi.

Idadi ya barua ilifura kutoka karibu milioni 76 mwaka 1839 hadi karibu milioni 169 mwaka 1840. Yule mama kijijini sasa angeweza kuandikiwa na bintiye bila kuuza kuku. Hii, kwa maoni yangu, ni kazi kubwa ya Cole kuliko kadi yenyewe, na ni ajabu kwamba wengi wanamkumbuka kwa kadi.

Lakini ukifungua bomba, na wewe utalowa. Cole alijuana na nusu ya London: wasanii, wabunge, wachapishaji, wahandisi. Kila Krismasi na mwaka mpya barua za heri zilimiminika mlangoni kwake, na kwa desturi ya wakati huo kukaa bila kujibu kulikuwa utovu wa adabu. Mwaka 1843 alikuwa na miaka 35, ana mke, Marian, na watoto, ana kazi ya nyaraka mchana na jioni anaandika vitabu vya watoto na vya kuongoza wageni katika majumba ya kihistoria, akitumia jina la lakabu Felix Summerly. Muda wa kuandika barua mia kwa mkono angeutoa wapi?

Akamwendea rafiki yake, mchoraji John Callcott Horsley. Katika shajara ya Cole imeandikwa kwamba jioni ya Desemba 17, 1843 Horsley alifika nyumbani na mchoro. Siku nane kabla ya Krismasi! Sisi watu wa dakika ya mwisho tuna babu yetu.

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, sentimita 13 kwa 8 hivi, kipande kimoja kisichokunjwa. Katikati familia kubwa imezunguka meza, wazee kwa watoto, wameinua glasi za mvinyo kumtakia heri yule anayeitazama kadi. Kushoto na kulia watu wanagawa chakula na nguo kwa maskini. Mizabibu imezunguka kila kitu. Juu pameachwa nafasi ya kuandika jina la anayetumiwa, chini nafasi ya jina la anayetuma, na salamu ya Krismasi njema na mwaka mpya imechapishwa tayari. Wewe kazi yako ni kujaza majina mawili. Zilichapishwa nakala kama 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono moja baada ya nyingine. Cole alichukua alizohitaji, zilizobaki zikauzwa katika duka la rafiki yake Joseph Cundall kwa shilingi moja kila moja.

Shilingi moja ilikuwa peni 12. Yaani kadi iligharimu mara 12 ya bei ya kuituma! Mtu aliyepigania posta ya wanyonge akauza kadi ambayo mnyonge hawezi kuinunua. Sidhani alikusudia ubaya. Alikuwa tu mtu wa tabaka lake, na rangi za mkono si bei rahisi. Lakini pengo hilo lipo na halifichiki.

Kelele nyingine ilitoka kwa watu waliokuwa wakipiga vita ulevi. Tazama vizuri mchoro wa katikati: mtoto mdogo ananyweshwa mvinyo. Walikasirika kweli. Wakasema huku ni kuwafundisha watoto ulevi siku ya kuzaliwa kwa Yesu. Horsley, kwa njia, miaka mingi baadaye alijulikana kwa kupinga wasanii kuchora watu walio uchi, mpaka wakampachika jina la utani la nguo. Mtu huyohuyo! Inaonekana mvinyo haukumsumbua, ngozi ndiyo iliyomsumbua.

Basi kadi ile haikuvuma. Desemba hiyohiyo ya 1843 Charles Dickens alitoa hadithi yake ya bahili Scrooge, nakala zikaisha madukani kabla ya Krismasi, na hiyo ndiyo iliyobadilisha jinsi Waingereza walivyoiona sikukuu. Kadi ya Cole ilibaki kama kituko cha mwaka mmoja. Yeye mwenyewe akaendelea na mengine.

Na mengine yalikuwa mengi mno, nitayapitia mbio. Aliingia katika vita vya upana wa reli, kwa sababu kampuni moja ilijenga reli pana na nyingine nyembamba, na mizigo ikalazimika kushushwa na kupakiwa upya zilipokutana. Sheria ya 1846 ilichagua kipimo ambacho leo ni milimita 1,435, na ukipanda treni ya SGR kutoka Nairobi kwenda Mombasa unapita juu ya kipimo hichohicho. Alibuni seti ya vyombo vya chai iliyopata tuzo. Pamoja na Mwanamfalme Albert, mumewe Malkia, alikuwa mstari wa mbele kuandaa Maonyesho Makuu ya 1851 ndani ya jumba la vioo katika bustani ya Hyde Park, ambayo yalitembelewa mara zaidi ya milioni sita na kuacha faida ya pauni 186,000 hivi. Sehemu ya pesa hizo ilinunua ardhi ya South Kensington, na hapo Cole akajenga makumbusho ambayo leo yanaitwa Victoria and Albert.

Aliyaongoza hadi 1873. Aliweka taa za gesi ili yafunguliwe usiku, mfanyakazi akitoka kiwandani naye apate kuingia, na akaweka mkahawa ndani, jambo ambalo makumbusho mengine hayakuwa nalo. Pia alifungua chumba cha kuonyesha vitu vyenye sura mbaya, vitambaa na mazulia ya viwanda vya Uingereza, ili watu wajifunze kisichopendeza. Wenye viwanda hivyo walikuja juu na chumba kikafungwa. Ni Cole yuleyule wa panya, hakubadilika. Dickens alimchora kwa dhihaka katika riwaya ya 1854, kama ofisa wa serikali anayewakataza watoto kuweka picha za farasi ukutani kwa kuwa farasi hawatembei ukutani. Wengi walimwona kisirani, na hawakukosea sana. Mwaka 1875 alipewa cheo cha Sir, na Aprili 18, 1882 akafariki London akiwa na miaka 73.

Kabla hajafa alishuhudia wazo lake la 1843 likifufuka bila yeye. Mashine za kuchapisha kwa rangi zilikuwa zimeshusha bei, na mwaka 1870 posta ilianzisha postikadi za nusu peni. Ghafla kila mtu akamudu. Marekani, mhamiaji kutoka Prussia aitwaye Louis Prang, mwenye kiwanda cha uchapishaji karibu na Boston, akaanza kuuza kadi za Krismasi za rangi nyingi katikati ya miaka ya 1870, na baadaye akawa anatoa zawadi za maelfu ya dola kwa wasanii waliomchorea. Picha za siku hizo nyingine zingekushtua: vyura wanaocheza ngoma, ndege mfu amelala chali kwenye theluji. Yule ndege mwenye kifua chekundu anayeonekana kwenye kadi nyingi za Kizungu inasemekana aliingia kwa ajili ya matarishi wa posta, ambao walivaa makoti mekundu na kuitwa kwa jina la ndege huyo. Mwaka 1880 posta ya Uingereza ikalazimika kuwaomba wananchi watume kadi mapema, maana ilikuwa imezidiwa. Bomba lile la 1840 likawa mafuriko.

Hata wakati huo walikuwapo walalamishi. Walisema kadi iliyochapishwa haina moyo, kwamba mtu mstaarabu huandika barua yake mwenyewe. Unasikia mzee wetu wa mwanzoni akiongea? Malalamiko ni yaleyale, yamebadilisha nguo tu.

Kwetu kadi ziliingia na posta ya wakoloni, misheni na shule, na kwa miongo mingi zilishika kweli. Waliozaliwa miaka ya themanini wanakumbuka uzi uliofungwa ukutani sebuleni, kadi zimening'inizwa kama nguo zilizoanikwa, na mgeni akiingia anazihesabu kimyakimya kujua familia hii ina marafiki wangapi. Kwa kuwa hapa barua haziletwi mlango kwa mlango, ilibidi mtu awe na sanduku la posta, au aazime la shule, la kanisa au la mwajiri. Kwa hivyo kadi kutoka kwa ndugu wa Nairobi ilipita mikononi mwa mwalimu mkuu na mtoto wa jirani kabla haijamfikia nyanya kijijini. Mchakato mrefu, lakini nyanya alijua mtu amehangaika.

Kilichoipiga kadi teke ni simu, na hapo historia ina utani wake. Ujumbe mfupi wa kwanza kabisa wa SMS duniani ulitumwa Uingereza, nchi ya Cole, Desemba 3, 1992. Mhandisi kijana, Neil Papworth, aliuandika kwenye kompyuta na ukapokelewa na mkubwa mmoja wa kampuni ya Vodafone aliyekuwa kwenye sherehe. Ulikuwa salamu ya Krismasi. Si habari za kazi, si majaribio ya namba. Krismasi njema, basi.

Kwa hivyo mzee akikutolea macho mwaka huu kwa sababu ya ujumbe uliousukuma kwa watu mia mbili, mweleze kwa heshima kwamba hata kadi yake ilizaliwa hivyohivyo: ujumbe mmoja, nakala elfu, jaza jina. Halafu, kama una ujasiri, mwandikie yeye mistari miwili inayomhusu yeye peke yake. Cole hakuwa na muda huo. Wewe una simu mkononi na uko kwenye matatu, jamu ya Thika Road haisongi.

Kati ya zile kadi 1,000 za 1843, zilizobaki duniani hazifiki hata 50. Moja iko katika makumbusho aliyoyajenga mwenyewe. Nyingine iliuzwa kwa mnada nchini Uingereza mwaka 2001 kwa zaidi ya pauni 20,000. Hiyo Cole alikuwa ameijaza kwa mkono wake na kumtumia nyanya yake.